Namna ya Kwenda Jimu ya Akina Mama na Kurudi kwa Miguu Yako Mwenyewe

Kwanza kabisa, usiende. Jimu ya akina mama haikimbii, na mwanamke anayejiheshimu huikwepa kwa muda wa kutosha kabla ya kuiingia. Mimi niliikwepa miaka mitano mfululizo, na sijawahi kufanya mazoezi magumu kuliko hayo.

Dalili kwamba zamu yako inakaribia utazipata kwenye shughuli. Shangazi atakushika mkono juu ya kiwiko, aubonyeze kama anayechagua papai sokoni, kisha aseme, "Mashaallah, ndoa imekukubali." Kwetu Dar es Salaam maneno hayo ni sifa na ni onyo kwa wakati mmoja, na hayana jibu zaidi ya kucheka na kusogea kwenye foleni ya pilau. Dalili ya pili iko kwa fundi cherehani. Umekwenda kupimwa sare ya kicheni pati. Fundi anazungusha futi kiunoni, anasoma namba, hasemi kitu, anazungusha tena. Usidhani alikosea mara ya kwanza. Anakupa nafasi ya kuvuta tumbo ndani.

Ukishaziona dalili hizo mbili, anza matayarisho, na huku ndiko kutamu. Nenda Karume ukachague raba za mtumba zenye soli nzito. Faida ya mtumba ni kwamba raba zimeshakimbia huko zilikotoka, kwa hiyo angalau mmoja wenu ana uzoefu. Ziweke karibu na mlango, uzitazame kila ukitoka kwenda kazini. Asubuhi kunywa maji ya moto yenye limau na tangawizi, halafu kula chapati mbili za kuyasindikiza. Tangazia watu kwamba unaanza Jumatatu. Usitaje Jumatatu ipi.

Wako wenye haraka wanaorukia kulipa. Nami mwaka mmoja nilishikwa na haraka, nikalipia miezi mitatu kwenye jimu ya mchanganyiko, shilingi laki moja na nusu, nikaenda mara nne. Gawanya mwenyewe: kila kwenda kulinigharimu 37,500. Kwa pesa hiyo ningemwajiri kijana wa bodaboda anifukuze kutoka Tabata hadi Buguruni, na angenifukuza kwa moyo wote.

Jimu ya mchanganyiko haina ubaya wa vyuma, ubaya wake ni walimu wasioajiriwa. Unashika dambeli ya kilo tatu, kaka mmoja anatangulia kifua: "Sista, mgongo huo utakuumiza." Unahamia kwenye mashine ya kukimbilia, mwingine anakuja kukujulisha kwamba mwendo wako hauunguzi mafuta. Ukiinama kujinyoosha, wanakuja watatu. Katika siku zangu nne nilijifunza mengi: majina yao, kazi zao, na kwamba wawili kati yao walikuwa wameachana na wake zao kwa sababu ambazo, wakikueleza wao, hazikuwa makosa yao.

Ndiyo maana watu huishia kwenye jimu ya wanawake, ile isiyo na msitu wa mashine bali ukumbi mmoja mkubwa, kioo ukuta mzima, na madarasa ya kikundi kuanzia alfajiri hadi usiku. Kuitambua ni rahisi. Mlangoni kuna pazia zito na kando yake mlinzi mzee kwenye kiti cha plastiki, kaelekeza mgongo kwa mlango na uso barabarani, redio sikioni. Yeye ndiye mwanaume pekee katika eneo lote, na ukimuuliza ndani kuna nini atakwambia kuna kelele. Ukipita pazia utayaona mabaibui yametundikwa kwenye misumari kama popo waliolala. Wenye mabaibui hutawatambua mara moja. Jirani niliyekuwa namjua kwa macho tu, kwa miaka minane, nilimkuta hapo kavaa skintaiti ya rangi ya embe bivu, akanisalimia kwa jina, nami nikamuuliza tumeonana wapi. Sheria ya kwanza ya nyumba hiyo ni kwamba simu hubaki mkobani. Ya pili haijabandikwa popote: ulichokiona humu hukukiona.

Kuhusu mavazi, siku ya kwanza utavaa fulana ya uchaguzi, ile kubwa unayolalia, na skintaiti iliyopauka magotini. Kila mtu alianza hivyo. Mgombea aliyekuwa kifuani pangu alikuwa ameangushwa vibaya, na zilipofika dakika kumi za mwanzo nikaelewa alivyojisikia usiku ule wa matokeo. Kuhusu sidiria sina maneno mengi. Vaa mbili.

Sasa ratiba. Imebandikwa mapokezini, imejaa majina ya kigeni, na kosa la mgeni ni kuchagua darasa kwa utamu wa jina. Zumba, kwa mfano. Aliyeianzisha ni Alberto Pérez, mwalimu wa mazoezi wa mji wa Cali, Colombia, ambaye siku moja alifika darasani akagundua amesahau kanda zake za muziki wa mazoezi. Akaweka kanda za salsa na merenge alizokuwa nazo, akabuni hatua palepale, wanafunzi wakapenda, na mwaka 2001 yeye na wenzake wakaigeuza kuwa kampuni huko Florida. Yaani biashara iliyoenea dunia nzima imezaliwa na mwalimu aliyekuja kazini bila vifaa. Kwetu angeandikiwa barua ya kujieleza. Hapa Dar mwalimu wa Zumba hukuanzishia salsa kwa heshima ya waasisi, kisha bila kukuonya hukutupia singeli, muziki wa uswahilini kwetu ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Mwili unabaki na mambo mawili ya kuamua: kucheza au kupumua.

Stepu ni ile ya kupanda na kushuka kijukwaa. Ililetwa na Mmarekani Gin Miller, aliyeumia goti akaambiwa alitibu kwa kupanda na kushuka kreti la maziwa. Sina neno baya juu ya stepu, ila nyumbani kwetu kreti lilikuwa la soda na tulilipanda ili kufikia balbu, na tukishafika tulikuwa tunashuka mara moja tu.

Darasa la kuliogopa ni Tabata. Hapa lazima nikiri aibu, maana mimi naishi Tabata. Nilipoona kwenye ratiba "Alhamisi, saa 12 jioni: Tabata" niliona wametukumbuka watu wa huku, wamefungua tawi, nitaokoa nauli. Nikamuuliza dada wa mapokezi, "Samahani, ni Tabata ipi, Kimanga au Segerea?"

Akanitazama. "Ni Tabata ya dakika nne, dada."

Dakika nne! Kutoka pale Sinza, jimu ilipo, hadi Tabata kwa dakika nne haijapata kutokea hata alfajiri ya Idi barabara ikiwa tupu. Nikajua huyu binti ni mgeni wa jiji.

Kumbe Tabata hiyo ni mtu, Profesa Izumi Tabata wa Japani, ambaye mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mazoezi ya sekunde 20 kwa nguvu zote na sekunde 10 za kupumzika, unarudia mara nane hivi, jumla dakika nne. Mwenyewe wala hakuyabuni. Yalikuwa ya Irisawa Koichi, kocha wa timu ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Tabata aliyapima, jina likaenda kwa mpimaji. Ni kama nyumba yako kuitwa jina la afisa ardhi. Na aliowapima walikuwa vijana wa kiume, wanafunzi wa michezo, juu ya baiskeli za maabara. Hakuwapo hata mama mmoja wa watoto watatu aliyefika akitoka kuning'inia kwenye daladala mbili.

Mwalimu wetu hafanyi dakika nne moja. Anazipanga nne nne kama maboga sokoni. Katika moja unachuchumaa na kuinuka. Katika nyingine unajishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo hewani, ukitazama jasho lako likichora ramani kwenye mkeka. Kisha kuna ile ambayo sikuwahi kujifunza jina lake: unachuchumaa, unajitupa kifudifudi, unainuka, unaruka juu na kupiga makofi, kana kwamba unashangilia kuanguka kwako.

Usimwamini mwalimu anapohesabu. Atashuka vizuri: nane, saba, sita, tano. Akifika mbili anapatwa na kigugumizi: mbili, mbili, mbili, bado mbili. Atasema "ya mwisho!" nawe utaitoa nguvu uliyokuwa umeificha kwa ajili ya kushukia ngazi. Halafu atasema "mwisho wa mwisho!" Neno mwisho kinywani mwake lina uzito uleule wa neno kesho kinywani mwa fundi cherehani siku tatu kabla ya Idi. Lipokee kwa adabu, lakini usipange maisha juu yake.

Na huko kuchuchumaa wanakokuita skwati ndiko kulikoniuma zaidi, moyoni. Bibi yangu alichuchumaa mbele ya jiko la mkaa na kukalia mbuzi ya kukunia nazi maisha yake yote, akifua ameinama, akipepeta ameinama, akatuacha na mapaja kama nguzo, na hakumlipa mtu hata senti. Sisi tulipata jiko la gesi na nazi ya pakiti, tukafurahi, na sasa tunalipa elfu tano kwa siku ili mtu atupigie kelele tuchuchumae.

Tusonge kwenye jambo ambalo hakuna atakayekueleza: pa kusimama. Ukumbi haujaandikwa majina, lakini kila kigae kina mwenyewe. Mstari wa mbele ni wa wakongwe. Wana sare zinazolingana hadi soksi na chupa za maji za lita mbili, na wanajua hatua zote kabla mwalimu hajaziwaza. Siku ya kwanza nilisimama katikati, mahali palipokuwa wazi, nikaguswa bega kwa upole: "Dada, hapo ni pa Mama Mchungaji." Nikaangaza macho. Mama Mchungaji mwenyewe yuko wapi? "Amesafiri, yuko Dodoma. Anarudi wiki ijayo." Kigae chake kilikuwa kinamsubiri. Nikapisha, nikaenda kujibanza nyuma kabisa, kwenye kona yenye feni na mlango, mahali pa wanyonge wote tangu shule ya msingi.

Nakushauri nawe uanzie hapo, ila ujue kona hiyo ni mtego. Dakika ya kumi na tano mwalimu alipiga kelele, "Geuka nyuma!" Watu wapatao arobaini wakageuka. Ghafla mstari wa nyuma ukawa ndio wa mbele, na mimi, niliyechagua pale ili nisionekane na kiumbe yeyote, nikawa kiongozi wa msafara. Mbele yangu hapakuwa na kioo, palikuwa na ukuta na kalenda ya duka la dawa. Sikujua mwalimu yuko hatua gani. Nikaenda kushoto. Nyuma yangu nikasikia raba nyingi zikienda kushoto. Nikasita, zikasita. Nikajikwaa kidogo kwenye kamba ya feni, na naapa kuna mtu huko nyuma alijikwaa pia, kwa uaminifu. Viongozi wengi, nadhani, wameanza hivyohivyo, na ndiyo maana hawataki tena kugeuka.

Darasa likiisha utajisikia vizuri mno, nako ni kudanganywa kwingine. Utapita getini ukimwambia mlinzi "kazi njema baba" kwa sauti ya mwanamichezo. Nje ya geti, hatua ishirini tu, kuna kijana wa mihogo ya kukaanga na kachumbari yenye pilipili. Hajakaa pale kwa bahati. Amefanya utafiti wake, nao kwa maoni yangu haupungui wa Profesa Tabata: anajua kwamba mwanamke aliyetoka kuunguza mafuta anajiona ana akiba ya kutumia. Utamkuta mwalimu ameshafika kabla yako, anaongezewa chumvi.

Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kama wageni wa kijijini, ukiwa umeshawasahau, na hukaa. Kilele chake huwa kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi. Watu watakwambia ni tindikali imeganda kwenye misuli, lakini tindikali hiyo huwa imeshaondoka siku ileile. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizopata michubuko midogo midogo, hasa pale ulipokuwa unaushusha mwili badala ya kuupandisha. Ndiyo sababu siku ya pili nilipanda ngazi za ofisini bila shida, na saa ya kushuka nikashuka kinyumenyume nimeshika reli, nikimjibu kila aliyenisalimia kwamba kuna kitu nakitafuta.

Ngazi, hata hivyo, si chochote. Kama kwenu kuna choo cha kuchuchumaa, fanya mipango mapema. Kushuka utashuka, kwa kuwa dunia inavuta. Kuinuka ndiyo habari nyingine. Nilikaa mle nikitafakari maisha yangu hadi mwanangu akagonga kuuliza kama nimelala. Adhuhuri nikasali kwenye kiti kama ajuza, na jioni mume wangu akaniletea beseni la maji ya moto bila kuuliza kitu, ingawa nilimsikia akicheka jikoni.

Dawa, kwa bahati mbaya, ni kurudi. Misuli ikichokozwa tena taratibu hulegea, na mara ya pili haiumi hivyo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli juu yake. Usizisome namba hizo ukiwa umesimama chooni.

Ukirudi, rudi bila mizani. Mizani ya jimu iko mapokezini, mbele ya watu, na ina tabia ya kusema ukweli kwa herufi kubwa. Isitoshe, kwetu kupungua kuna gharama zake. Unene wakikutania, wembamba wanakuhoji. Kilo tatu zikishuka, muuza duka atakuuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo nyumbani. Mama mkwe atakuja na kuku wawili na kumwita mwanawe pembeni. Andaa jibu fupi. Mimi husema ni mazoezi, hawaniamini, wananiombea.

Sasa nikueleze siku ya umeme, maana bila hiyo hutaelewa kilichonifunga miguu.

Ilikuwa Jumanne, darasa la saa 11 jioni, joto la Februari. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Spika ikanyamaza, feni zikapunguza mwendo zikakata roho, na mwalimu, binti wa kama miaka 26 mwenye maiki mdomoni, akabaki anaongea bila kusikika. "Tusubiri kidogo," akasema. Mwanamke mmoja tunayemwita Bi Mkubwa, muuguzi mstaafu, umri wake haulizwi, akasema hakulipa elfu tano kuja kusubiri. Akaifuata ndoo ya deki, akaimwaga, akaipindua, akaketi juu ya kijukwaa cha stepu na kuanza kuipiga.

Sikujua kama mikono yetu inakumbuka. Makofi yalipokewa upande huu, yakapokewa upande ule, mtu akaanzisha wimbo wa kicheni pati usioandikika, na ile mistari yote, wa wakongwe na wa wanyonge, ikavunjika ikawa duara. Kwenye duara hakuna kona yenye feni. Mwalimu akaingia katikati kwa kujiamini na baada ya dakika tatu akaanza kuhema, kwa sababu kila hatua yake ilitoka begani. Bi Mkubwa akasimamisha ndoo. "Mwanangu, acha mabega yapumzike. Kiuno. Bega ni la kubebea mzigo." Akamshika nyonga kwa mikono miwili na kumwonyesha, polepole, mbele yetu sote, kama alivyoonyeshwa yeye. Mstari mzima wa mbele ukanyamaza kujifunza.

Nikawa naangalia. Mlango umefungwa, pazia zito, mwanaume mmoja nje na mgongo wake. Hakuna simu. Mzee anafundisha, kijana anasahihishwa, anachekwa, anarudia. Nilichezwa unyago nikiwa na miaka kumi na minne kwa bibi yangu upande wa Uzaramoni, na kungwi wangu hakuwa na maiki wala ratiba, lakini naye alikuwa akisema "ya mwisho" na hakuwa akimaanisha. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago mpaka uzeeni kabisa, na sidhani kama alipata kuulizwa inaunguza mafuta kiasi gani. Mombasa nako akina mama wa ngoma ya lelemama walikuwa na vyama vyao, na sare, na vyeo, na ushindani mkali wa nani kapendeza. Mimi nilidhani nimejiunga na kitu kipya cha watu wa mjini. Kilichokuwa kipya ni risiti.

Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini. Spika ikapaza salsa ghafla, na mtu, sijui nani, akaenda kuizima.

Baada ya siku hiyo nilijikuta kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na hapo ndipo uhuru wangu ulipokoma. Nilipokosa mara moja hawakusema. Nilipokosa mara mbili walituma maua. Mara ya tatu ukaja ujumbe: "Tumekukosa mpendwa wetu, kuna msiba?" Hilo ni swali la hila. Ukisema hakuna msiba, umebaki mtupu. Nikaandika kwamba naumwa kidogo, mafua tu.

Kwa mgeni wa mambo yetu: usiseme unaumwa kama huumwi. Saa kumi na moja na nusu hodi ikabishwa getini kwangu. Walikuwa wanne, akiwemo Mama Mchungaji aliyerudi salama kutoka Dodoma, na Bi Mkubwa mbele na mfuko wa machungwa. Walinikuta barazani, miguu juu ya stuli, sahani ya chipsi mayai mapajani, kachumbari kando. Hakuna aliyesema kitu. Nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia. Bi Mkubwa akakaa karibu yangu, akaitazama sahani kwa macho ya kiuuguzi, akachukua chipsi moja, akaitafuna taratibu.

"Naona dawa unakunywa," akasema.

Wakala machungwa yao, wakaniombea afya kwa dua ndefu isiyo na huruma, wakaondoka. Kesho yake saa 11 jioni nilikuwa kwenye kigae changu. Ndiyo, nina kigae sasa. Kiko mstari wa tatu, chini ya taa inayopepesa.

Kwa hiyo ukitaka kweli kuendelea na mazoezi, achana na habari za nia, na malengo, na picha ya gauni la zamani kwenye mlango wa friji. Hayo yote niliyafanya kwa miaka mitano. Siku ya mwisho wa mwezi, darasa likiisha, usikimbilie kwenye mihogo. Kaa kidogo kwenye benchi la kubadilishia nguo. Atakuja dada mmoja mwenye daftari la mistari, kalamu imechomekwa kwenye mtandio. Ndiye kijumbe. Mchezo wetu una watu kumi na wawili, elfu hamsini kila mwezi, anayepokea anaondoka na laki sita, na fedha haitumwi kwa simu. Inaletwa mkononi, palepale ukumbini, baada ya darasa, ukiwa umetoka jasho. Ni sharti la Bi Mkubwa.

Tulianza Januari. Namba tulichagua kwa kuokota karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia ya Mama Mchungaji ya mazoezi. Nikakunjua yangu: kumi na moja.

Novemba ni mbali, na kutoka Tabata hadi Sinza ni daladala mbili.